Mwenye Shamba na Mlango wa Mahakama

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Tabora)



Mimi si mwanasheria, wala sikusomea uwakili. Ni karani mzee aliyemaliza utumishi wake. Basi nikikosea neno, naomba waliosoma kunishinda wanisahihishe kwa upole.

Katibu wetu aliponitaka niseme juu ya jambo lenye faida kwa makarani, nalichagua jambo la ardhi, na khasa swali hili: mtu mwenye shamba akiona amri imetungwa juu ya shamba lake, ya kumkataza kulima, au ya kumtaka ahame, au ya kusema kwamba haki yake imekwisha, je, aweza kwenda mahakamani kuipinga? Na akienda, ni jambo gani litakalomshindisha au kumshinda?

Nimelichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, karibu kila mmoja wetu ana kipande cha ardhi mahali fulani, na kama hana, baba yake au mjomba wake anacho. Ya pili, sisi ndio tuandikao barua, tubandikao matangazo, na tutunzao mafaili. Amri haimfikii mwenye shamba ila imepita mikononi mwa karani. Kwa hiyo sisi tumeketi pande zote mbili za meza, na yatupasa kulijua jambo hili kuliko watu wengine.

Na tuanze hapa petu. Mji huu wa Tabora ulikuzwa na njia ya misafara. Wapagazi walitoka Bagamoyo, wakapita Mpwapwa na Ugogo, wakafika Unyanyembe. Na hapa njia iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine kaskazini hata Karagwe na Buganda. Wazungu wa kwanza kufika hapa, Burton na Speke, walikuja mwaka 1857, wakakuta waarabu na wenyeji wakifanya biashara kubwa. Sasa, katika njia hiyo yote, msafara ulipoingia katika nchi ya mtemi ulitozwa hongo. Wakuu wa misafara waliteta, walikaa siku nyingi wakibishana juu ya idadi ya nguo, lakini mwisho walilipa. Na mwaka 1871 Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji kwa vita, Stanley mwenyewe alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini.

Mimi siisifu hongo, maana iliwaumiza wengi, wala sizisifu biashara zote zilizopita njia ile, kwani miongoni mwa shehena zake walikuwamo binadamu waliofungwa minyororo. Lakini nataka tuone neno moja ndani yake. Aliyelipa hongo alikiri kwa mkono wake kwamba nchi ile ina mwenyewe. Alibisha juu ya kiasi, hakubisha juu ya haki. Na ndani ya utemi, mtu alipata mahali pa kulima kwa idhini ya mtemi au ya mwanangwa wake. Akishalima, akajenga, akapanda, hapakuwa na desturi ya kumwondoa pasipo sababu. Hakuwa na karatasi. Ushahidi wake ulikuwa jirani zake, na makaburi ya wazee wake, na miti aliyoipanda.

Mambo yaligeuka mwaka 1895. Serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Taji, isipokuwa pale ambapo mtu, au jumbe, au watu wa mji waweza kuthibitisha kuwa ni yao. Tazameni vizuri maneno hayo. Jana msafiri ndiye aliyekuwa na wajibu wa kukiri. Leo mwenyeji ndiye aliyetwishwa mzigo wa kuthibitisha. Tena athibitishe kwa nani? Kwa yule yule aitakaye ardhi.

Waingereza walipokuja walitunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, iliyosema kwamba ardhi ya nchi ni ya umma, chini ya usimamizi wa Gavana. Mwaka 1928 iliongezwa kwamba haki ya kukalia ardhi ni pamoja na haki ya mwenyeji aitumiaye kwa sheria na desturi ya kwao. Hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini haikusema haki hiyo ina nguvu gani, mtu akija kuiondoa.

Juu ya nguvu hiyo, mahakama za nchi mbalimbali hazikusema neno moja. Kenya, katika miaka ya 1920, katika shauri la Isaka Wainaina, mahakama ilisema kwamba Mkikuyu katika shamba la babu zake ni mpangaji tu wa Taji, akaaye kwa hiari ya Taji. Lakini katika miaka ile ile, Chifu Oluwa wa Lagos alisafiri hata London kudai fidia ya ardhi iliyochukuliwa na Serikali. Na mwaka 1921 Baraza la Mfalme likasema kwamba haki ya wenyeji isipimwe kwa kipimo cha Kiingereza, bali itazamwe kwa desturi yao wenyewe, na fidia yao ilipwe kwa kipimo hicho. Basi palikuwa na njia mbili, na kwa muda mrefu haikujulikana wazi nchi yetu itafuata ipi.

Baada ya Uhuru, mwaka 1963, milki za daima za kizungu zilifutwa, na mamlaka ya machifu yakakoma. Ardhi ikawa ya taifa. Kisha kati ya mwaka 1973 na 1976 watu wengi walihamishwa kwenda kukaa katika vijiji. Hata waliopenda sana jambo lile wanakiri kwamba lilifanywa kwa haraka. Mtu alipelekwa penye shamba la mwingine, akagawiwa ekari, akajenga. Na mwenye shamba naye akapelekwa kwingine. Haikuandikwa nani ametoa nini. Ilipofika miaka ya 1980, waliopoteza mashamba walianza kwenda mahakamani, na hapo ndipo maswali yote ya zamani yaliporudi.

Nitawasimulia mashauri mawili, nayo yote yametoka upande mmoja wa nchi, yaani Hanang na Mbulu. Nimeyachagua kwa sababu moja lilishindwa na moja lilishinda.

Shauri la kwanza ni la kijiji cha Mulbadaw, katika Hanang. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula lilikuwa likilima ngano katika nchi ya Wabarabaig, na halmashauri ya kijiji pamoja na baadhi ya wanakijiji wakalishtaki kwa kuingia katika ardhi yao. Katika Mahakama Kuu walishinda. Shirika likakata rufani, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawashinda. Kwa nini? Halmashauri haikuweza kuonyesha kwamba iligawiwa ardhi ile kama sheria ya vijiji ilivyotaka. Na wale wanakijiji, kila mmoja peke yake, hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria. Ndugu zangu, fikirini: mtu wa nchi ile, na ng'ombe wake, na makaburi ya wazee wake, ameshindwa kwa sababu hakuna aliyemwuliza mahakamani, wala yeye hakusema, neno ambalo kila mtoto wa kijiji alilijua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Shauri la pili ni la Lohay Akonaay na mwanawe Joseph Lohay, wa Kambi ya Simba, huko Mbulumbulu. Hawa walidai shamba lao walilokuwa nalo kwa mila, wakashinda katika Mahakama ya Hakimu Mkazi, Arusha, wakarudishiwa. Wapinzani wao wakakata rufani. Serikali nayo ilikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya bure: kama kila mwenye shamba wa zamani atarudi kudai, je, waliopelekwa vijijini kwa amri ya Serikali watakwenda wapi? Nao pia ni raia, nao hawakujipeleka. Kwa ajili hiyo mwaka 1987 ilitolewa amri ya kufuta haki za mila katika sehemu za Mkoa wa Arusha, na mwaka 1992 ikatungwa sheria ya vijiji vilivyoanzishwa. Sheria hiyo ilisema mambo makubwa matatu: kwamba haki za mila za watu waliokuwa na ardhi iliyochukuliwa wakati wa kuanzisha vijiji zimekufa, kwamba hawatalipwa fidia kwa kufa kwa haki hizo, na kwamba hawatapokelewa mahakamani, na mashauri yaliyomo humo yakome.

Akonaay na mwanawe hawakukubali. Walikwenda Mahakama Kuu ya Arusha kusema kwamba sheria hiyo inapingana na Katiba, na Jaji Munuo akakubaliana nao. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufani. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikatoa hukumu ambayo kila karani wa ardhi yapasa aijue.

Hukumu hiyo ilisema hivi, nami naieleza kwa maneno yangu. Haki ya mtu ya kukaa na kutumia ardhi kwa mila ni mali, kama vile haki ya mwenye hati ilivyo mali; na Katiba, katika ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia ya haki. Ingekuwa si mali, basi watu wengi wa Tanganyika wangekuwa wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Tena fidia si ya nyumba na mazao peke yake. Hata kama mtu hakuacha jengo wala mti, maadamu ametia jasho lake katika ardhi ile, Katiba inamlinda. Na fidia yenyewe si lazima iwe fedha. Pengine kupewa ardhi nyingine ni fidia ya haki, kwa kadiri ya mambo yalivyo. Mwisho, sheria haiwezi kumnyang'anya mtu mali yake na papo hapo kumfungia mlango wa mahakama. Kwa hiyo vifungu vilivyofanya hivyo vilibatilika.

Angalieni vizuri neno ambalo mahakama haikulisema. Haikusema kwamba Serikali haina uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi. Nchi isiyo na mpango ni fujo; lazima pawe na barabara, na soko, na shule, na malisho, na msitu wa akiba. Kwa ufupi, Serikali yaweza kupita, lakini nayo, kama misafara ya zamani, sharti ikiri kwamba nchi ina mwenyewe.

Baada ya hukumu hiyo zilikuja sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika mwaka 2001. Humo imeandikwa kwamba haki ya mila ni sawa na haki ya kupewa kwa hati, na kwamba fidia iwe kamili, ya haki, na ya upesi. Hata hivyo sheria njema haijitembezi yenyewe. Kwa hiyo ningependa niwaachie maswali manne, ambayo mwenye shamba yampasa kuyauliza kabla ya kwenda kwa wakili, na karani yampasa kuyauliza kabla ya kutia mhuri.

Swali la kwanza: Aliyetunga amri hii alikuwa na uwezo wa kuitunga, na alifuata njia yake? Sheria ndogo ya kijiji hutungwa na halmashauri ya kijiji, ikafikishwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kisha ikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Ikirukwa ngazi moja, ni karatasi tu.

Swali la pili: Mwenye shamba alisikilizwa? Alipata habari kwa wakati, kwa lugha anayoifahamu, mahali anapofika?

Swali la tatu: Fidia imepimwa vipi, na imelipwa lini? Si miti na nyumba tu. Sheria inataja pia usumbufu, uchukuzi, makazi, na faida iliyopotea.

Swali la nne: Siku zimebaki ngapi? Atakaye Mahakama Kuu ipitie amri na kuifuta, sharti aombe ruhusa ndani ya miezi 6 tangu amri ilipotolewa. Atakayeishtaki Serikali au halmashauri kwa madai, sharti kwanza atoe taarifa ya siku 90, na tangu mwaka 2020 amwunganishe Mwanasheria Mkuu katika shauri lake. Na baraza la kata, tangu mwaka 2021, kazi yake katika ardhi ni kusuluhisha, si kuhukumu. Mtu asiyejua siku hizi ataingia mahakamani na haki yake mkononi, na atatoka nayo mkononi vile vile, haikufunguliwa.

Juu ya swali la nne nina neno la kukiri, na ndilo hasa lililonileta hapa.

Nalipokuwa karani kijana, katika mji mmoja mdogo wa njia hii ya zamani, ambao jina lake silitaji, ilitolewa amri kwamba sehemu fulani ya kando ya mji imekuwa eneo la kupimwa viwanja, na watu wasiendelee kulima humo. Nalipewa tangazo nilipeleke kwa wahusika. Wahusika walikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa bibi mjane, ambaye shamba lake lilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Siku ile ilikuwa ya mvua. Nalilibandika tangazo katika mlango wa ofisi yetu, nikarudi mezani, nikaandika katika faili maneno mawili: "Wahusika wamearifiwa." Nikatia sahihi na tarehe, kwa mwandiko mzuri, kwa maana nalisifiwa kwa mwandiko wangu.

Yule bibi alikuja ofisini baada ya miezi minane, wapima walipofika shambani kwake na mambo zao. Alinisalimu, "Mwangaluka," kama kawaida ya watu wa huku, akakaa chini, akaniuliza, "Mwanangu, ni kweli kwamba shamba limekwisha kuwa la watu wengine?" Nalimweleza amri. Akaniuliza kwa nini hakuambiwa. Sikuwa na jibu. Alipata mtu wa kumsaidia kwenda mahakamani kuipinga amri, na huko upande wetu ulitoa faili. Maneno yangu mawili yalisomwa. Ombi lake likakataliwa, kwa kuwa muda ulikuwa umepita, na faili ilionyesha kwamba aliarifiwa mapema. Alilipwa kitu kidogo cha miembe na nyumba. Miembe ile ilikuwa imepandwa na baba mkwe wake.

Mkuu wangu hakunilaumu, wala hakuna aliyenishtaki. Sikusema uongo kwa kusudi. Nalidhani kubandika ni kuarifu. Lakini sijasahau kwamba hakimu hakudanganywa na bwana mkubwa yeyote. Alidanganywa na mimi.

Huenda baadhi yenu mtasema: Je, karani ni mtumishi wa Serikali, itakuwaje amwonyeshe mtu njia ya kuishtaki Serikali? Hilo ni swali la haki, nami nililifikiri miaka mingi. Jibu langu ni hili. Mlango wa mahakama haukutobolewa na wezi katika ukuta wa Serikali. Uliwekwa na sheria, tangu nyumba ilipojengwa. Anayemwonyesha mtu mlango wa nyumba hakuibomoa nyumba. Katika shauri la Akonaay, Mwanasheria Mkuu alikata rufani kwa heshima, akashindwa, na Serikali ikaishi. Naamini iliishi vizuri zaidi, maana mwananchi aliyeshinda mahakamani hana haja ya kushika panga. Anayeiharibia Serikali jina ni yule anayeandika "wamearifiwa" hali hawakuarifiwa.

Basi nawasihi mambo matatu, nami nitakaa. Moja, tangazo la ardhi lipelekwe kwa mkono, na aliyelipokea atie sahihi au dole gumba, na kama hakupatikana, iandikwe kwamba hakupatikana. Mbili, mtu akija kuuliza juu ya amri, apewe nakala yake siku ile ile na aambiwe siku zake za mahakama, hata kama hakuziuliza. Tatu, kila mmoja wetu aende kwao wakati wa likizo, akae na wazee, aandike mipaka ya shamba la ukoo na majina ya majirani wanaoijua, na kama kijiji kina mpango wake, aombe hati ya haki ya mila. Watu wa Mulbadaw walishindwa kwa kukosa maneno ambayo yangejaa ukurasa mmoja.

Yule bibi amekwisha kufariki. Sikupata kumwomba radhi wakati wa uhai wake, kwa aibu. Ninawaomba ninyi mfanye kazi yenu hata mtu wa namna yake asiwe na haja ya kuombwa radhi.